Adhabu, tuzo, mazungumzo au maandalizi: uanze na ipi darasani?

Kijana wa dawati la nyuma anagonga kalamu. Tak, tak, tak. Mwalimu yuko ubaoni, amelipa darasa mgongo, anaandika mfano wa pili wa kujumlisha sehemu. Jirani wa yule kijana anacheka. Wa mbele yao anageuka kuona kinachochekesha. Mwalimu ameisikia ile kalamu tangu ilipoanza, ila anataka kwanza amalize mstari. Anapogeuka, kalamu imenyamaza. Wanaoonekana ni wawili wanaocheka. Anawasimamisha hao hao. Mwenye kalamu katulia kama maji mtungini.

Mambo hayo hayakuzidi dakika moja, na mwalimu huyo nilikuwa mimi. Wale wawili walisimama mpaka kengele ilipolia. Kwa wiki kadhaa baadaye hakuna hata mmoja wao aliyenyoosha mkono katika somo langu, na kabla ya hapo walikuwa wa kwanza kujibu. Hilo liliniuma kuliko kelele zenyewe.

Walimu tukikaa ofisini swali hili halikosi: wewe darasa lako unalitulizaje? Mmoja atasema ni adhabu, hakuna kingine. Mwingine atasema mtoto ni wa kusifiwa na kupewa zawadi. Wa tatu atasema kaa nao chini mzungumze. Ubishi hupamba moto kana kwamba lazima moja ishinde na nyingine zitupwe. Baada ya miaka mingi ya kushika chaki nimeamini kwamba njia hizi hazishindani, kwa sababu kila moja ina dakika yake. Maandalizi hufanya kazi kabla kosa halijatokea. Tuzo hufanya kazi mambo yakiwa yanakwenda vizuri. Adhabu ni ya dakika ya kosa lenyewe. Mazungumzo ni ya baadaye, hasira zikishapoa. Kwa hiyo anayetaka kuchagua asianze kwa kuuliza ipi bora. Aanze kwa kujiuliza: darasa linaniponyoka dakika ipi?

Fimbo siiweki kwenye mizani

Nitaitaja mara moja tu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha mwaka 1989, unasema katika kifungu cha 28 kwamba nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna inayolinda utu wa mtoto. Uswidi ilikuwa imeshaipiga marufuku fimbo shuleni tangu 1958. Lakini hata ukiiweka sheria kando, fimbo ina kasoro ya kikazi: humfundisha mwanafunzi kuchunga mwalimu yuko wapi badala ya kuchunga anachokifanya. Darasa linalotulia kwa fimbo huwa halina nidhamu mwalimu akienda kuchukua chaki.

Wapo watakaonikumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Naikubali methali hiyo yote. Mtoto hulia pia akiambiwa arudie kazi aliyoiharibu, au akihamishwa dawati mbali na rafiki yake, na mwalimu anayeyavumilia machozi hayo hajamchelea.

Adhabu za ngazi

Hapa nasema juu ya utaratibu ule ambao sheria za darasa zinajulikana, na kila kosa lina matokeo yake yanayopanda ngazi kwa ngazi: onyo, kisha kuhamishwa kiti, kisha kubaki darasani wakati wa mapumziko, kisha mzazi kuarifiwa. Marekani utaratibu wa aina hii ulisambaa sana baada ya Lee Canter na Marlene Canter kuuandikia mwaka 1976. Kwao kosa la kwanza lilikuwa jina ubaoni, na kila kosa lililofuata lilikuwa alama ya tiki mbele ya jina hilo.

Uzuri wake ni kwamba hauna maswali. Mwanafunzi anajua kabla ya kutenda nini kitamfuata, na mwalimu hahitaji kubuni adhabu akiwa amekasirika, jambo ambalo huzaa adhabu za ajabu ambazo kesho yake mwenyewe unazionea haya. Mwalimu mgeni anayeingia darasa lililozoea kuchezea walimu wageni hupata pa kushika. Wanafunzi nao, hasa wale watulivu ambao hatuwazungumzii kamwe, huona kwamba mtoto wa mwalimu na mtoto wa mkulima wanapata onyo lile lile.

Ubaya wake huanza pale adhabu inapofanywa mbele ya hadhira. Jina likiandikwa ubaoni, kijana wa miaka 14 ana mambo mawili ya kuchagua: anyamaze na kuonekana mnyonge mbele ya wenzake, au akuongezee sababu ya tiki ya pili aonekane shujaa. Wengi huchagua la pili. Lee Canter mwenyewe baadaye aliacha kushauri majina yaandikwe ubaoni. Tena ngazi ina mwisho. Mtoto aliyefika juu kabisa dakika ya kumi ya kipindi hana tena cha kupoteza, na bado mna nusu saa pamoja.

Kuna utafiti mdogo wa mwaka 1968 ambao ningependa kila mwalimu aujue. Madsen, Becker na wenzao walikaa katika darasa la kwanza ambamo watoto walikuwa wakisimama ovyo. Waliwaomba walimu waongeze mara wanazosema “kaa chini”. Walimu wakaongeza, na watoto wakazidi kusimama. Kila mtoto alikaa alipoambiwa, ndiyo maana walimu waliamini amri inafanya kazi. Lakini amri ile ile ilikuwa ndiyo malipo ya kusimama, maana mtoto alitazamwa na kuitwa. Walimu walipogeuka kuwasifu waliokaa wakifanya kazi, kusimama kukapungua. Ukisoma hivyo unaelewa kwa nini kuna madarasa yanayokemewa toka asubuhi na hayatulii.

Kwa hiyo ukichagua adhabu, ichague ndogo na ya uhakika. Adhabu ndogo inayotolewa kila mara kwa sauti ya chini, pembeni mwa dawati, hushinda adhabu kubwa inayotolewa siku ambayo mwalimu ameamka vibaya. Pia iwe na uhusiano na kosa. Aliyechora dawati alisugue. Aliyempotezea mwenzake muda amsaidie kumaliza. Aliyechelewa hana sababu ya kufyeka majani.

Kuhusu kumtoa mwanafunzi nje au kumsimamisha masomo: wakati mwingine hakuna budi, hasa pale usalama wa wengine unapohusika. Ila jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipochunguza sera za kutovumilia kosa lolote, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 2008, halikukuta ushahidi kwamba kufukuza wanafunzi kunazifanya shule kuwa salama zaidi au kunarekebisha tabia. Na kwa mwanafunzi asiyelielewa somo, kutolewa nje ya somo hilo ni zawadi. Nimewahi kumtoa mmoja kila wiki kabla sijagundua kwamba alikuwa anaanza vituko mara tu tunapofika kwenye kusoma kwa sauti. Hakuwa mtundu. Alikuwa hajui kusoma, na alikuwa ameipata njia ya kulificha hilo.

Adhabu ya darasa zima kwa kosa la mmoja sina la kuitetea. Huwafundisha wasio na kosa kwamba kuwa mwema hakuna faida.

Tuzo na sifa

Upande huu una ushahidi mwingi kuliko wanavyodhani walimu wanaouona ni kudekeza. Mwaka 1969 watafiti watatu, Barrish, Saunders na Wolf, walijaribu kitu walichokiita Mchezo wa Tabia Njema katika darasa la nne lenye wanafunzi 24. Darasa liligawanywa timu mbili. Mwanafunzi akisimama bila ruhusa au akipayuka, timu yake inachorwa alama ubaoni. Timu yenye alama chache hushinda, na timu zote mbili zinaweza kushinda zikibaki chini ya kiwango. Zawadi zilikuwa za kawaida kabisa: kuwa wa kwanza kwenye foleni, kupata muda wa shughuli wanazozipenda. Vurugu zilishuka sana. Mchezo uliposimamishwa zikarudi. Uliporejeshwa zikashuka tena.

Mchezo huo ulijaribiwa tena katika madarasa ya kwanza na ya pili mjini Baltimore, Marekani, kuanzia mwaka wa masomo 1985–86, na watoto wakafuatiliwa mpaka wakawa watu wazima. Wavulana waliokuwa wakorofi zaidi walipoanza shule, wakapata bahati ya kuwa katika madarasa yaliyocheza mchezo, walionekana kuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya walipofika umri wa ujana mkubwa kuliko wenzao wa aina hiyo waliokosa. Mimi hilo hunigusa kila nikilifikiria. Miaka miwili ya kujifunza kungoja zamu yako, ukianza na miaka sita.

Sasa upande wa pili. Katika jaribio lile la kwanza wanafunzi wawili waliirundikia timu yao alama mpaka ikabidi watolewe kwenye timu, wahesabiwe peke yao. Mwalimu yeyote anawajua hao wawili. Wenzao wakianza kuwalaumu kwa kuwapotezea ushindi, mchezo unageuka kuwa uonevu unaosimamiwa na mwalimu. Ukiutumia, uwe tayari kumtoa mtoto kwenye hesabu ya timu kabla wenzake hawajamgeukia.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi kwa anayefikiria mbele. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walichukua watoto wadogo wa shule ya awali waliokuwa wanapenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri likichora. Jingine lilipewa cheti bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, wale walioahidiwa walikuwa wanachora kidogo kuliko wengine kwa hiari yao. Ahadi ya malipo ilikuwa imewafanya waone kuchora ni kibarua.

Hapo ndipo napata mpaka wangu. Kitu ambacho wanafunzi tayari wanakipenda sikiwekei zawadi. Kitu kisichopendwa na mtu, kama kupanga viti au kubadilisha somo kimya kimya, nakiwekea, na nikishaona kimekuwa mazoea napunguza zawadi taratibu. Sifa natoa daima, lakini iwe imetaja jambo. “Safi sana” haina mashiko. “Nimeona ulivyorudi kwenye swali la tatu ukalirekebisha” humwambia mtoto hasa nini akirudie. Na kwa vijana wakubwa sifa hiyo naitoa kwa kunong'ona au naiandika kwenye daftari, maana kumsifu kijana wa miaka 16 mbele ya darasa zima kunaweza kumuaibisha kama vile kumkemea.

Jambo moja zaidi. Katika utafiti mwingine wa 1968, Madsen na wenzake walianza kwa kubandika na kukumbusha sheria za darasa peke yake. Karibu hakuna kilichobadilika. Mabadiliko yalikuja walimu walipoanza kuwasifu wanaozifuata na kupuuza vijikosa vidogo. Ile karatasi ya sheria kumi ukutani, tuliyoiandika kwa kalamu za rangi siku ya kwanza ya muhula, haifanyi kazi yenyewe.

Mazungumzo ya kurekebisha

Njia hii inachukulia kwamba kosa limemuumiza mtu fulani, na kwamba kazi iliyopo ni kurekebisha kilichoharibika. Shuleni ilianza kutumika rasmi huko Queensland, Australia, mwaka 1994, ikiwa imetokana na taratibu za kuwakutanisha mkosaji na mkosewa nje ya mahakama. Maswali yake ni machache na hayabadiliki: Nini kilitokea? Ulikuwa unafikiria nini wakati ule? Nani ameumia? Sasa kifanyike nini ili mambo yakae sawa?

Angalia kwamba hakuna “kwa nini ulifanya”. Hilo silo swali dogo. Mtoto akiulizwa kwa nini, hutafuta kisingizio, au hunyamaza akitazama viatu vyake, kwa sababu mara nyingi hajui.

Nitatoa mfano. Wasichana wawili waligombana, daftari la mmoja likachanwa katikati. Ningetoa adhabu, ingekwisha kwa dakika mbili. Nikawangoja mpaka mapumziko, nikawaketisha.

“Nini kilitokea?”

“Nimechana daftari lake, Mwalimu.”

“Ulikuwa unafikiria nini?”

Kimya kirefu. Nilikaribia kukijaza kwa maneno yangu, nikajizuia.

“Alikuwa anawasomea wenzake nilichoandika.”

Kumbe ndani ya daftari la mwenzake mlikuwa na kijikaratasi cha siri alichoandikiwa kwa kuaminiwa, naye akakisoma mbele ya kundi. Aliyechana alikuwa mkosaji na mkosewa kwa wakati mmoja. Walikubaliana wenyewe: mmoja atanakili upya kurasa zilizoharibika, mwingine ataenda kwa wale waliosikia awaambie kwamba alikosea. Adhabu ya dakika mbili isingeligusa jambo lile hata kidogo, na ugomvi ungeendelea njiani kurudi nyumbani.

Hata hivyo usidanganyike kwamba mazungumzo yanatosha kila kitu. Taasisi ya utafiti ya RAND ilifanya jaribio kubwa katika shule 44 za Pittsburgh, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Shule zilizofundishwa njia hii zilipunguza siku za kusimamisha wanafunzi masomo, na walimu walisema mazingira ya kazi yamekuwa bora. Lakini kwa wanafunzi wa darasa la sita mpaka la nane, alama za masomo zilishuka. Wengine hukimbilia tokeo moja kati ya hayo kulingana na wanachokitaka. Mimi nayachukua yote mawili. Mazungumzo huokoa uhusiano na humrudisha mtoto shuleni, lakini hayachukui nafasi ya utulivu wa kipindi chenyewe. Ukianza kuuliza maswali manne somo likiwa katikati, wengine 40 wanakaa bure wakikusikiliza.

Na yanadai muda ambao wengi wetu hatuna. Mazungumzo ya kweli ni robo saa kwa uchache. Ukiyafanya kwa haraka huku unasahihisha madaftari, mtoto anajua, na anajifunza kutoa majibu unayotaka kusikia. Wapo wanaoomba radhi kwa ufasaha kabisa, wakatoka nje wakarudia. Kwa hao, makubaliano lazima yawe na kazi ya mikono inayoonekana na siku ya kuikagua.

Maandalizi

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu ndipo penye tofauti kubwa kati ya mwalimu anayechoka na asiyechoka, na ndipo pasipozungumzwa.

Jacob Kounin alikuwa akifundisha chuo kikuu Marekani. Siku moja alimkemea mwanafunzi aliyekuwa anasoma gazeti wakati wa mhadhara, akaona kwamba waliobadilika walikuwa wale ambao hakuwakemea: wakakaa sawa, wakaacha kunong'ona. Ikamshangaza. Akatumia miaka kuchunguza jinsi kemeo kwa mmoja linavyowafikia wengine, kama jiwe linavyotuma mawimbi majini. Alirekodi madarasa kwa video na kulinganisha walimu wenye madarasa tulivu na wenye vurugu. Alitarajia kukuta tofauti katika namna wanavyokemea: kwa ukali, kwa upole, kwa uwazi. Hakuikuta. Baada ya kosa kutokea, walimu bora na walimu wanaohangaika walifanana. Tofauti ilikuwa katika walichofanya kabla. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1970.

La kwanza alilolikuta ni kile ambacho kwa Kiswahili tungesema ni kuwa na macho kisogoni. Si kwamba mwalimu huona kila kitu. Ni kwamba wanafunzi wanaamini anaona. Na imani hiyo huvunjwa na makosa mawili. Kumkemea asiyehusika ni moja. Kungoja mpaka kosa limesambaa ni la pili. Niliposoma hayo mara ya kwanza nilimkumbuka kijana wa kalamu: nilikuwa nimeyafanya yote mawili kwa dakika moja.

La pili ni kufanya mawili kwa pamoja. Mwanafunzi anakuja na daftari lisahihishwe wakati wengine wanasoma kwa zamu. Mwalimu anayelimudu darasa hupokea daftari, anamwambia anayesoma “endelea”, anamwonyesha mwenzake kwa kidole asubiri, na huko nyuma mnong'ono haujapata nafasi ya kukua. Anayeacha kila kitu ashughulike na daftari huwa amefungua mlango.

La tatu, ambalo walimu wengi hawalitarajii, ni mwendo wa somo. Kounin aligundua kwamba vurugu nyingi huzaliwa na mwalimu mwenyewe akilikata somo lake. Amewaambia wafungue ukurasa fulani, kisha anakumbuka kuuliza nani hakuja jana. Amemaliza hesabu, wameanza kuandika insha, anarudi: “Hebu, wangapi walipata lile swali la tano?” Au anahubiri dakika sita juu ya mtu aliyesahau rula, wakati 39 wenye rula wanamngoja. Kila mkato wa namna hiyo ni dirisha ambalo utundu hupitia.

Ukitaka mazoezi ya kesho asubuhi, anza na mabadiliko ya shughuli, yaani ule muda kutoka kuelezwa kwenda kuandika, au kutoka kuketi kwenda kwenye makundi. Wafundishe jinsi ya kufanya hivyo kama unavyowafundisha somo. Waonyeshe, wafanye, warudie mpaka wafanye bila kelele. Wiki ya kwanza utaona unapoteza muda wa masomo. Ni kweli unaupoteza, na utaurudisha kabla mwezi haujaisha.

Kisha tembea. Mwalimu anayefundishia mlangoni na ubaoni tu amewapa wa nyuma nchi yao. Mkono wako ukiwa juu ya dawati la anayepiga soga, huku ukiendelea kueleza bila kubadilisha sauti, unafanya kazi ya onyo bila mtu yeyote kuaibika.

Kasoro ya maandalizi ni moja: hayasaidii kosa likishatokea, na hayamponyi mtoto anayeingia darasani akiwa na jambo zito kutoka nyumbani. Tena hayaonekani. Mwalimu anayezuia vurugu kabla hazijaanza haambiwi asante, maana hakuna kilichotokea.

Basi uanze na ipi?

Kama darasa ni jipya kwako, au wewe ni mgeni kazini, anza na maandalizi pamoja na adhabu ndogo za ngazi zisizozidi tatu. Mazungumzo yatakuja mkishajuana. Mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu aliyemjua Jumatatu.

Kama vurugu ni za wengi na ni ndogo ndogo, kupayuka, kutembea ovyo, kelele za kubadilisha shughuli, usipoteze adhabu. Mchezo wa timu kwa muda mfupi wa siku, na mafunzo ya mabadiliko ya shughuli, vitakusaidia zaidi. Darasa likiwa na watoto wengi sana ndivyo ilivyo zaidi, kwa kuwa huwezi kumfuata kila mmoja.

Kama ni mtoto mmoja yule yule, acha njia zote kwanza utazame saa. Anaanza lini? Kabla ya somo gani? Akiwa karibu na nani? Mara nyingi utakuta ama haoni vizuri ubaoni, au hajui kusoma, au ana njaa, au amemaliza kazi kitambo na hana la kufanya. Hakuna adhabu wala zawadi inayotibu lolote kati ya hayo.

Kama mtu ameumizwa, kwa ngumi, kwa wizi au kwa maneno, nenda kwenye mazungumzo, lakini baada ya kumtenga aliyeumizwa na hatari. Na usimlazimishe mkosewa kukaa uso kwa uso na mkosaji asipotaka. Uonevu wa muda mrefu, ambao mmoja ana nguvu na mwingine hana, haukutanishwi mezani kama ugomvi wa walio sawa.

Kwa wadogo, tuzo za papo kwa papo na mazoea ya kila siku vinafaa kuliko maneno marefu. Kwa vijana, heshima yao mbele ya wenzao ndiyo kila kitu, kwa hiyo chochote utakachochagua, kifanye kwa sauti ambayo jirani yake hataisikia.

Kama bado hujui pa kuanzia, chukua karatasi, na kwa siku tano andika tu dakika ambayo somo lilikatika na kilichokuwa kikiendelea. Usiandike jina la mtu. Nilipofanya hivyo, alama zangu nyingi ziliangukia sehemu moja: wakati nikiandika mifano ubaoni, wepesi wakiwa wamekwisha kunakili na wazito wakiwa bado. Kijana wa kalamu alikuwa katika wepesi. Alikuwa anamaliza mfano wa pili kabla yangu, kisha anakaa na mikono mitupu.

Sasa mifano naiandika kabla hawajaingia, naifunika, na ninaieleza nikiwa katikati ya madawati. Yeye ndiye anayeifunua mmoja mmoja ninapomwambia. Kalamu bado anaigonga mara moja moja, akiwa anawaza jibu, na sijamwambia aache.